Tumwite, Tuone Kama Anaitika

Habiba alikuwa na hasira tangu alasiri, na nani angemlaumu? Fomu ya bweni ya binti yake Shamsia ilikuwa inafungwa saa moja jioni. Kwenye simu haifunguki, na kompyuta nayo imekataa katakata kuuona mtandao wa simu. Ikipita leo, mtoto hana shule mwakani. Fundi mmoja wa Kibiti ndiye aliyemwekea Linux, programu ya kuendeshea kompyuta. "Ya bure, dada, haina virusi!" Siku ile alimwuliza kompyuta iitwe nani, na Habiba kwa mapenzi akaipa jina la mwanawe. Leo fundi hapokei simu.

Akaomba msaada kwenye kundi la WhatsApp la wataalamu wa Linux. Wataalamu, jamani! Mmoja akamwambia asome maelekezo. Mwingine akaandika, "Bimkubwa, hiyo si sufuria," wenzake wakacheka.

"Mbwa nyie," Habiba alisema peke yake, pale sebuleni kwake Nyamisati. Nje jua lilikuwa linazama nyuma ya mikoko. Shamsia, miaka kumi na miwili, alikuwa uani anaosha vyombo.

Ndipo ujumbe wa faragha ukaingia kwenye simu. Mtumaji: Mtoro. Hana picha.

"Pole, Mama Shamsia. Mimi nitakusaidia. Kompyuta inaitwaje?"

"Shamsia."

Mtoro akauliza: "Mama yake nani?"

Swali la kiganga hilo. Mganga hamshiki mtu bila jina la mama. Lakini hasira hasara. Habiba alidhani anaulizwa jina la mwenye kompyuta, akaandika, "Habiba."

"Vizuri. Tumwite, tuone kama anaitika. Fungua dirisha la amri, andika ping shamsia, ubonyeze Enter."

Akabonyeza. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo.

"Abee!" Shamsia akaitika uani.

"Sijakuita!" Habiba akafoka. "Osha vyombo!"

Mstari wa pili.

"Abee..."

Safari hii sauti ilitoka nyuma ya choo.

Wa tatu. Wa nne. Kila mstari ulichelewa kuliko uliotangulia, na kila mstari ulikuja na abee yake, mbali zaidi, huku harufu ya tope bichi ikijaa sebuleni. Ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike! Habiba alimkanya mwanawe hivyo tangu anatambaa. Leo ni yeye mwenyewe aliyebonyeza.

Pembeni mwa kioo, alama ya mtandao ikawaka.

"Umeupata," Mtoro akaandika. "Tuma fomu yako. Nami nimepata changu."

Fomu? Habiba alitoka mbio, miguu mitupu. Alimkuta Shamsia kwenye mikoko, tope magotini, anazidi kwenda. Akamdaka, akamburuta mpaka ndani, akatia komeo. Akarukia kompyuta, akabonyeza kila kitufe. Mistari haikomi. Akang'oa waya, akachomoa na betri.

Kioo kikabaki kinawaka.

"Abee," mtoto alinong'ona, ameuelekea ukuta. "Abee..."

"Mwanaharamu mkubwa we!" Hasira zilimtoa Habiba machozi. "Unaita watoto wa watu, kwani wewe huna jina?"

Akaandika: ping mtoro.

Enter.

Mistari ikasimama. Abee zikakoma. Nje hata vyura walinyamaza. Habiba akashusha pumzi, akageuka amkumbatie mwanawe.

Shamsia alikuwa amemkazia macho.

"Naam," akaitika, kwa sauti ya mwanamume mtu mzima.