Ngoma ya Kahawia

Kila siku akitoka shule, Luzolo alikuwa na kazi ya kutwanga majani ya muhogo kwa ajili ya pondu ya jioni. Na kila siku kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili. Mchi ukigonga kinu, yeye alisikia ngoma. Ufagio wa jirani ukipita mchangani, yeye alisikia toazi likinong'ona. Basi mikono ililegea, macho yakaenda mbali juu ya mabati ya mtaa wao wa Kisenso, na majani yakabaki kinuni mazima kama yalivyochumwa.

"Luzolo! Pondu inatwangwa, haichezwi!" mama yake aliita kutoka jikoni. "Au leo tutakula wimbo?"

"Natwanga, Mama."

"Unatwanga hewa."

Mama hakukosea. Luzolo alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa muda mrefu alikuwa akijifunza kupiga dramu kanisani kwao. Hakuwa tena mwanafunzi wa kushika vijiti kichwa chini, wala hakuwa fundi. Alikuwa pale katikati, mahali pa hatari, ambapo mikono imekwisha kujua mbio lakini masikio bado yanatambaa.

Dramu ya kanisa ilikuwa imezeeka vibaya. Ngozi zake zilipochanika, mwalimu wake, Kaka Nzuzi, alizibadilisha kwa picha kuukuu za eksirei zilizotupwa hospitalini. Ukiinua ngoma kwenye mwanga, uliziona mbavu za mtu usiyemjua. Watoto wa kwaya walimpa jina mtu huyo, Mzee Mbavu, na ibada ilipochangamka walinong'onezana, "Leo Mzee Mbavu atakoma!"

Ndipo akina mama wa kanisa wakaamua kununua dramu nyingine. Walikaanga mikate ya mafuta na kuiuza barabarani, asubuhi baada ya asubuhi, hadi mfuko ukakaribia kujaa. Walitaka kuizindua Jumapili ya Akina Mama. Papa Kalonji, muuza vyombo vya muziki kule Kasa-Vubu, akawapelekea habari kwamba amepata moja iliyotumika kidogo. Haikuwa dramu ya mtoto anayeanza, wala ya bendi kubwa zinazopanda ndege. Ilikuwa ya katikati, kama Luzolo mwenyewe.

Kwa bahati mbaya Kaka Nzuzi alikuwa Matadi, kwenye msiba wa mjomba wake. Mama Véro, kiongozi wa akina mama, akamwita Luzolo.

"Twende wewe na mimi," alisema. "Mimi najua unga na mafuta. Masikio ni yako. Ukisema nzuri, tunanunua. Ukisema mbaya, tunarudi na mfuko wetu."

Dramu ilikuwa imepangwa mbele ya duka, nyekundu, iking'aa hadi ikaonyesha sura ya anayeitazama. Luzolo alijiona humo akiwa na kichwa kidogo na mabega mapana, akatabasamu. Palepale dunia ikamwacha. Akajiona Jumapili, ameketi nyuma ya wekundu ule, kanisa zima limesimama, na mwanga wa dirishani umemwangukia mikononi.

"Binti, umekuja kupiga au kusinzia?" Papa Kalonji alimwamsha.

Luzolo alikumbuka maneno ya Kaka Nzuzi: "Ngoma huulizwa moja moja, tena kwa upole. Zikizungumza zote pamoja, mwongo hujificha katikati ya wakweli." Akaanza vizuri. Akakanyaga pedali ya ngoma kubwa. Ilishuka na kupanda bila kulia. Akatikisa miguu ya chuma; haikuyumba. Akaigusa kwa vidole ile ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, nayo ikamjibu hata kwa mguso mwepesi. Matoazi hayakumridhisha. Yalilia kama mfuniko wa sufuria ulioanguka.

"Mama, tutatumia matoazi yetu ya zamani," alisema, na Mama Véro akaitikia kwa kichwa kwa heshima kubwa.

Ikabaki ngoma nene inayosimama sakafuni kwa miguu mitatu. Luzolo akaigusa polepole. Ikatoa sauti nzito, na nyuma ya sauti hiyo, mlio mwembamba kama wa nzi aliyenaswa ndani ya chupa. Akakaza skrubu. Akabonyeza ngozi kwa kidole gumba kuzunguka ukingo. Upande mmoja ilikuwa na kunyanzi lisilotoka. Akaigusa tena. Nzi alikuwa bado mle ndani.

Akisema, watarudi na mfuko. Mtu mwingine atakuja, ataubeba wekundu ule, na Jumapili itakuwa ya Mzee Mbavu kama kawaida. Hakutaka. Alitamani sana isiwe kweli, na aliyetamani sana hakosi njia. Alikamata vijiti, akaketi, akaangusha sebene, ile sehemu ya mbio ambayo hata mwenye goti bovu hunyanyuka.

Wapita njia walisimama. Askari wa barabarani alitikisa bega moja, akakumbuka kazi, akaacha. Mama Véro aliubana mkoba kwapani akacheza hadi kilemba kikalegea. Katika kelele zile, nzi gani angesikika?

"Nzuri?" Mama Véro aliuliza akihema.

"Nzuri, Mama."

"Zote?"

"Zote," Luzolo alijibu, akiangalia viatu vyake.

Wakakubaliana kuja kulipa na kuichukua Jumamosi, mikate ya mwisho ikishauzwa.

Tangu siku hiyo ndoto za Luzolo ziliharibika. Alikaa kinuni kama kawaida, akajiona nyuma ya dramu nyekundu, kanisa limetulia kwa wimbo wa maombi. Anainua mkono, anagusa ngoma nene, na nzi anaamka. Basi ndoto inakatika. Alimsikia nzi huyo katika redio ya jirani na katika mafuta yanayochemka.

Ijumaa alimkuta mama yake akikaanga mikate ya mwisho. Mafuta yaliruka, yakamchoma kifundo cha mkono, mahali palipokuwa na makovu mengine.

"Mama, pole! Panauma?"

"Patapona," mama alisema, akipuliza. "Mikono yangu imeharibika kidogo, lakini Jumapili watu wataangalia ya kwako."

Luzolo alikwenda kinuni. Pondu ya siku hiyo ilitwangwa vizuri mno, hata mama akamshika paji la uso kuona kama ana homa.

Jumamosi, pale dukani, Mama Véro alifungua fundo la kitenge ili atoe mfuko. Luzolo aliona mkono ukishuka kuelekea meza ya Papa Kalonji.

"Mama, ngoja," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akairudia. "Ngoja! Ngoma ile nene ni mbovu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Niliisikia."

Mama Véro aliurudisha mkono. "Uliisikia, ukapiga kelele ili mimi nisiisikie?"

"Ndiyo, Mama. Niliipenda sana. Nisamehe." Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

"Ala!" Papa Kalonji aliruka. "Juzi umenijazia watu barabara nzima, leo ngoma yangu imeugua?"

"Papa, zima redio, tafadhali. Isikilize peke yake."

Redio ikazimwa. Luzolo akaigusa ngoma kwa kidole kimoja. Nzi akalia, na safari hii wote watatu walimsikia. Papa Kalonji alikunja uso, akachukua ufunguo, akafungua skrubu na kuivua ngozi. Ndani ya mbao palikuwa na ufa, kutoka ukingoni hadi katikati, umezibwa kwa gundi.

"Kumbe na mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia!" alisema taratibu. "Sikufungua hata skrubu moja. Rangi hii ilinipumbaza, mzee mzima."

Akaingia stoo, akarudi amekumbatia ngoma ya kipimo kilekile, ya kahawia, imekwaruzwa kama meza ya shule. Ilikuwa imebaki peke yake baada ya wenzake kuuzwa. "Sura hana huyu," alisema. "Mwulize mwenyewe."

Luzolo alimwuliza, kwa upole. Ngoma ilijibu kwa sauti ya duara, nzito, ikaisha vizuri bila mkia. Luzolo alifumba macho. Hakuona dirisha wala mwanga, alisikiliza tu.

"Hii," alisema. "Hii ni nzuri kweli."

Jumapili watoto wa kwaya walicheka walipoona dramu nyekundu yenye ngoma moja ya kahawia. "Dramu yetu imevaa kiatu cha jirani!" walisema. Kaka Nzuzi, aliyerudi jana yake, hakucheka. Alikaa benchi la mbele, akatega sikio.

Wimbo wa maombi ulipofika, kanisa likatulia. Luzolo alinyanyua mkono, akaigusa ngoma ya kahawia. Sauti yake ilipita chini ya mabenchi, ikapanda miguuni mwa watu, ikakaa nao. Hakuna nzi. Mama yake alikuwa amefumba macho, mikono yake yenye makovu imefunguka mapajani.

Ibada ilipokwisha, Mama Véro alikwenda nyuma ya dramu.

"Nilikukasirikia, na bado nimekasirika kidogo," alisema. "Sisi tulikuazima imani yetu. Mtu akikufanya kuwa sikio lake, usimpe kile unachotamani wewe. Mpe ulichosikia, hata kikikuuma. Siku ile ulinidanganya. Jana, ulipokuwa tayari kuikosa dramu ili useme kweli, ndipo ulipotununulia dramu nzuri. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Haya, kaa." Mama Véro alibana mkoba kwapani na kukaza kilemba. "Nipigie ile sebene ya dukani. Siku ile nilicheza nimedanganywa. Leo nataka kucheza kweli."