Nililichoma Daftari kwa Hofu ya Undugu wa Buni

Nina umri wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto sita, na kazi yangu ni kusafisha vidonda na kuchoma sindano katika zahanati moja ya wilaya ya Muleba. Ukinikuta asubuhi nimevaa koti langu jeupe utaniona mtu wa amani. Si kweli. Nina uchungu unaomzidi umri mtoto wangu wa mwisho, na nimeamua kuutoa hapa kwa sababu nyumbani wamechoka kuusikia.

Yupo msomi mmoja mkubwa wa mambo ya kinga ya mwili, yaani jinsi damu na ngozi ya mtu zinavyoutambua ugonjwa na kupigana nao. Nitamwita Leonsi, ingawa si jina lake. Huyu msomi anaalikwa Ulaya na Amerika kuzungumza. Huyu msomi... amemeza damu yangu, nami nimemeza yake.

Tulikulia Kanazi, vibanja vya wazazi wetu vimepakana. Tulisoma misheni moja, dawati moja. Baba yangu alipofariki mimi niliishia kozi ya mganga msaidizi, yeye akapata nafasi ya kwenda ng'ambo. Ilikuwa mara tu baada ya uhuru. Kabla hajaondoka tulifanya omukago.

Kwa msomaji wa mbali nieleze. Watu wawili wanachanjwa kidogo karibu na kitovu. Tunda moja la kahawa linapasuliwa, na ndani yake mna buni mbili. Kila moja inapakwa damu. Wewe unameza yenye damu yake, naye yenye damu yako. Tangu siku hiyo ninyi ni ndugu kuliko waliotoka tumbo moja. Humnyimi kitu, humfichi kitu, humshtaki mbele ya wageni. Atakayevunja, tumbo lake litavimba mpaka limuue. Padre alitukataza mambo hayo. Tuliitikia ndiyo padre, kisha tukaendelea kuyaamini.

Leonsi alirudi akiwa daktari. Siku moja akatokea kwenye zahanati yangu na Landrova ya chuo, akaniambia anataka kujua kwa nini kifua kikuu kinamwangusha huyu na kumwacha yule. Alihitaji mikono ya watu. Unadunga dawa kidogo chini ya ngozi ya mkono, na siku ya tatu unarudi na rula kupima uvimbe. Uvimbe unakuambia kama mwili umewahi kukutana na ugonjwa.

Lakini nani angempa mkono? Kulikuwa na uvumi wa mumiani, na kule Buganguzi akina mama walifunga milango walipoiona Landrova. Nilikwenda mimi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na balozi wa nyumba kumi, kwa miguu, mvua na jua. Mama mmoja mzee, Ma Paulina, alikuwa wa kwanza kabisa kunyoosha mkono, akasema, "Fide, waitu, mtu wetu, nakupa wewe. Huyo wa gari simjui."

Kazi ile ilichukua miaka mitatu. Leonsi alikuja na kuondoka. Mimi nilibaki na rula na daftari. Na katika daftari lile, pembeni mwa kurasa, nilianza kuandika jambo lililonishangaza. Watoto wenye minyoo hawakuvimba... hata wale waliolala chumba kimoja na mgonjwa wa kifua kikuu. Niliowapa dawa ya minyoo, nilipowapima tena baadaye, wengi walivimba. Kumbe minyoo ilikuwa inaulaza mwili?

Nilimwonyesha Leonsi. Aliusoma ukurasa ule mara mbili, akavua miwani. "Munywani wange," akasema, kwa maana ya rafiki yangu wa damu, "hili ni lako. Tutaliandika pamoja."

Alinakili kila kitu, daftari akaniachia. Sikumwomba karatasi yoyote. Ungemwandikisha mtu uliyemmeza?

Mwaka uliofuata zikaanza kuja kadi. Zilitoka nchi ambazo nyingine sikujua ziko wapi, zote zikiomba nakala ya andiko kuhusu minyoo na kinga ya watoto wa Muleba. Zilikuja kwenye sanduku letu la posta kwa kuwa Leonsi alilitaja kama mahali pa kazi. Nilifurahi kama mjinga. Watoto wangu walibandua stempu, mimi nikazipeleka kadi zote kwake Dar es Salaam bila kubakiza hata moja. Nilimwambia mke wangu, Jeni, kwamba dunia inatusoma.

Kwa furaha hiyo nikaomba nafasi ya kusomea udaktari. Niliambiwa mganga msaidizi hachukuliwi hivi hivi, labda awe na andiko la kisayansi lenye jina lake. Si ninalo? Nilisafiri hadi Dar es Salaam nikijiamini. Mzee mmoja wa kamati ya kuchagua wanafunzi akatuma andiko liletwe kutoka maktaba, akalisukuma mbele yangu. "Soma mwenyewe, Bwana Fidelisi."

Nilisoma. Jina lilikuwa moja tu, la Leonsi. Maneno yangu ya pembeni yalikuwemo yote, yamevaa suti ya Kiingereza. Mwishoni aliwashukuru waliomsaidia. Alimshukuru dereva wa Landrova kwa jina lake na la baba yake. Mimi nilikuwa "msaidizi wa pale."

Nilimfuata ofisini siku ile ile. Hakuona haya. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto, kwamba msomi hupimwa kwa idadi ya wenzake wanaomtaja katika maandiko yao. Akanionyesha karatasi alimowaorodhesha waliomtaja, na boksi la kadi... kadi zangu! Akasema jina la mganga msaidizi lingelipunguzia andiko uzito. Akasema yeye akipanda nami nimepanda, si damu ni moja?

Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya malalamiko kwa wakuu wa chuo. Ukapita mwezi, wa pili, hadi wa tano. Kimya.

Ndipo tumbo langu likaanza. Liliwaka, likajaa, likawa gumu baada ya kila mlo. Wasomaji, mimi ninawapa watu dawa ya vidonda vya tumbo kila wiki. Nilizijua dalili zake. Lakini kila jioni nilijifungia chumbani na futi ya fundi cherehani, mimi niliyepima uvimbe wa mamia ya watu, nikijipima kiuno. Nilikuwa nimemshtaki ndugu yangu wa damu mbele ya wageni. Si ndivyo tulivyoonywa?

Nilikwenda Kanazi kwa mama. Hakunibembeleza. "Mwanangu, umemshtaki munywani wako. Tumbo linakudai. Kila kilichopita mikononi mwenu wawili kitoke nyumbani kwako, kiungue."

Jeni alinisihi sana. "Baba Anatoli, hiyo ni kazi yako. Lifiche daftari, hata kwa wazazi wangu." Nilimfokea, tabia ambayo sikuwa nayo. Mchana ule ule nililiweka daftari kwenye mafiga, chini ya sufuria ya ndizi. Miaka mitatu ya miguu yangu iliivisha chakula kimoja. Na siwafichi... kwa siku chache tumbo lilitulia, nikamshukuru Mungu.

Hazikupita wiki mbili Landrova ikasimama nje ya zahanati. Alishuka Leonsi, nyuma yake wazee wawili wa chuo. Walikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mkubwa wao akasema barua yangu ilichelewa mezani kwa mtu, anaomba radhi. Wamekuja kuliona daftari. Kama mwandiko ni wangu na hoja ni yangu, andiko litasahihishwa, jina langu litakaa mahali pake, na habari ya masomo yangu itazungumzwa upya.

Leonsi alikuwa akitazama sakafu. Jasho lilimtoka.

"Daftari liko wapi, bwana?" mkubwa wao akaniuliza.

Nikasema nimelichoma. Mzee akauliza kwa nini. Ningemjibu nini mtu yule mwenye tai? Kwamba niliogopa buni niliyoimeza ujanani? Nilimtazama Leonsi. Katika chumba kile yeye peke yake ndiye aliyejua sababu, na neno lake moja lingetosha. Aliinua uso, akashusha pumzi ndefu. "Wazee wangu," akasema, "mnaona wenyewe."

Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima zote za kwetu, akaniuliza taratibu tumbo langu linaendeleaje.

Nani alimwambia habari za tumbo langu? Jumapili nikaenda Kanazi kumwuliza mama. Hakuona ubaya. Alisema Leonsi alipita kumsalimu kabla mimi sijaja na tumbo langu, akanywa naye rubisi, pombe yetu ya ndizi, akamwuliza habari zangu. Aliposikia ninaumwa alisikitika mno. Ni Leonsi aliyemwambia mama kwamba hilo ni tumbo la omukago, na kwamba Fide atapona akichoma vitu vyetu vya pamoja... hasa lile daftari.

Mtaalamu wa kinga ya mwili! Alijua tumbo langu lina nini. Na alijua mimi ninaamini nini, kwa sababu tuliamini pamoja.

Miaka imepita. Leonsi sasa ni profesa. Ma Paulina sasa ni kikongwe, na majuzi aliniuliza mkono wake ulisaidia nini. Nilimwambia ulisaidia watoto, na huo ni ukweli, maana dawa ya minyoo sasa inagawiwa shuleni. Sikumwambia mengine.

Wewe unayesoma, kama kuna kazi umeifanya, andika jina lako juu yake siku ile ile, hata kama unafanya na ndugu, hata kama mmekula kiapo. Na ukionewa, usiruhusu woga wako ushike kiberiti. Aliyeniibia ni Leonsi, lakini aliyechoma ni mimi, na hilo ndilo linaloniamsha asubuhi kabla ya jogoo.

Krismasi iliyopita nilimwona kanisani Kanazi, ameketi benchi la mbele. Aliposimama kwenda kukomunika nilimtazama tumboni, kwa makini, kama nilivyozoea kupima. Halijavimba hata kidogo.