Faili Lililozidi Kabatini

Kufuli la kabati lilikuwa limekatwa kwa msumeno, na unga wa chuma ulikuwa bado sakafuni. Inspekta Wilfrido Ayala alichuchumaa, akautazama, akainuka. Ndani ya kabati mafaili yalikuwa yamepangwa vizuri, hata moja halikuguswa.

"Kimeibiwa nini?"

"Hakuna, afande," alijibu Leonarda Zaracho, mkuu wa mafao katika ofisi hiyo ya pensheni za wafanyakazi wa viwanda vya sukari.

"Mtu avunje ofisi Jumapili mchana, halafu aondoke mikono mitupu?"

"Labda alishtuliwa. Tuyaache tu, afande. Alhamisi mafaili yote yanaingizwa kwenye kompyuta, na kabati hili linatupwa."

Ayala hakuelewa, na jambo asilolielewa lilimkosesha raha. Akaomba daftari la orodha, akaanza kulinganisha jina kwa jina, vidole vikimganda kwa baridi ya Juni. Saa sita mchana alisimama ghafla.

"Hakuna kilichopungua. Kimezidi!"

Lilikuwa faili la Pánfilo Cabral, mkata miwa. Kwenye daftari, mbele ya jina hilo, paliandikwa kwa wino mwekundu tangu miaka tisa iliyopita: LIMEPOTEA. Mafaili mengine ya rafu ile yalikuwa na madoa ya mvua, kwa kuwa paa lilivuja mwaka juzi. Hili lilikuwa safi, likinuka dawa ya nondo.

Wezi alikuwa amewaona wa kila namna, lakini wa kuvunja ili arudishe, huyo alikuwa mpya. Akili ilimzunguka kabisa.

"Nani alilipoteza?"

"Taní Ocampos," Leonarda alisema polepole. "Alikuwa bosi wangu. Alifukuzwa kwa ajili hiyo."

Ayala akaligeuza faili. Kamba yake ilifungwa fundo la ajabu, ncha zote mbili zimefichwa ndani. Mafaili ya zamani yenye saini ya Taní yalifungwa vivyo hivyo. Basi kumbe ni Taní mwenyewe, alijiambia, akawasha gari akiwa na uhakika.

Uhakika huo haukufika mbali. Taní alikuwa uani kwake, amekishika kikombe cha chai ya yerba kwa viganja viwili. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi.

"Fundo hili ni lako, mzee?"

"Ni langu. Ila mimi hata vifungo vya shati nafungiwa na mke wangu. Msumeno ningeushika kwa meno?"

"Ulimfundisha nani?"

Taní alikiweka kikombe mapajani.

"Binti mmoja tu. Alikuwa mgeni kazini, akili zinachemka. Leo ndiye mkuu."

"Na wewe ukapoteza kazi."

"Kazi si kitu, bwana. Kuna kingine kilichonitoka siku ile, hicho sikisemi."

Ayala alirudi naye, akamwacha kwenye benchi nje ya ofisi. Akaingia kwa Leonarda, akafunga mlango.

"Ufunguo wa kabati unao. Msumeno wa nini?"

"Afande, sikuelewi."

"Fundo hili mnalijua wawili, na mwenzako hana vidole vya kulifunga."

Leonarda alilitazama fundo kama analiona kwa mara ya kwanza. Machozi yakamtoka.

"Mungu wangu. Sikuliangalia hata. Mikono ilijifungia tu."

"Sema basi."

"Nilikuwa na wiki tatu kazini. Nililipanga kwenye herufi ya jina la ukoo wa mama yake, badala ya la baba. Mwenyewe alipokuja kudai, halikuonekana, lawama ikamwangukia Bwana Taní. Miaka miwili baadaye nikaliokota, nimeshakalia kiti chake."

"Ukanyamaza."

"Nikalificha nyumbani chini ya mablanketi. Kila nilipopandishwa cheo nikasema, nikifika juu zaidi nitalitoa. Mwezi ujao nafanywa mkurugenzi. Lakini baada ya Alhamisi, ambaye faili lake halimo kabatini ndiyo basi tena. Mzee Pánfilo angekufa bila pensheni. Nikataka ionekane kazi ya mwizi."

Ayala alishika kalamu na fomu yake. Kwenye nafasi ya vitu vilivyoibiwa hakujua aandike nini.

"Twende kituoni, mama."

"Niruhusu kwanza nimhudumie mtu mmoja. Leo Jumatatu, na Jumatatu hakosi."

Kweli, Mzee Pánfilo alikuwa dirishani, kofia mkononi, kuulizia faili lake kama kila wiki. Leonarda akamwekea faili mbele yake.

"Baba, lilikuwa kwangu. Miaka yote. Pensheni yako utaipata, na ya nyuma pia. Weka saini hapa."

Mzee alipokea kalamu. Ayala alisubiri furaha, au matusi. Havikuja.

"Kwa hiyo Taní hakulipoteza?"

"Hapana, baba. Ni mimi."

"Huyo ndiye baba wa ubatizo wa binti yangu. Miaka tisa, nikimwona barabarani, navuka upande wa pili."

"Yuko nje," Ayala alimwambia. "Kwenye benchi."

Mzee Pánfilo aliiweka kalamu chini.

"Saini baadaye," alisema, akatoka.

Kutoka dirishani walimwona akisimama mbele ya benchi, kofia imebanwa kifuani. Taní alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akajisogeza, akamwachia nafasi.