Barua Moja Tu Ndiyo Iliyotoka

Kompyuta ya Nyamizi ilipokea barua pepe vizuri tu. Kutuma ndiko kulikogoma. Na ile ya kukubali nafasi ya uuguzi ilitakiwa ifike chuoni Ijumaa hiyo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo apewe mwingine. Saa nane mchana mama yake akamwita Haidari, fundi wa pale sokoni Ifakara.

"Shikamoo, mama. Mbona chumba cha binti kinanuka udi?"

"Marahaba. Hata sisi tunashangaa, mwanangu. Udi hatuna."

Haidari akakagua. Nenosiri sahihi, bando lipo, mipangilio ya kutuma haina kasoro. Akazima, akawasha. Barua zote zikabaki palepale, na spika, ambazo waya wake ulikuwa umechomolewa, zikapumua.

"Mbona hii moja ya Jumapili ilitoka?" aliuliza taratibu.

Nyamizi akaona haya. Kuna mtu asiyemjua alimtumia barua ya posa, naye akacheka, akajibu: Nimekubali, nenda kaongee na baba. Utani tu! Jamani, posa nayo ni kitu cha kuchezea?

"Ulimjibu nani, dada?" Haidari akanong'ona. "Hapa penye anwani hapana kitu."

Harufu ikazidi, udi uliochanganyika na tope la bondeni, na Nyamizi akahisi vidole vya baridi vikimpanga nywele kisogoni, polepole, bila wasiwasi, kama vya mtu aliye kwake, mpaka mama yake alipomvuta mkono wakatimkia uani wote watatu.

"Tumia simu yangu," Haidari alisema, akimpa. Nyamizi akaandika, akatuma. Ikaenda! Mama akamshukuru Mungu kwa sauti.

Jibu likaja baada ya dakika tano: Mumeo alishatuandikia asubuhi kwamba hutakuja. Nafasi tumempa mwingine.

"Mume gani? Mimi sina mume!" Nyamizi akalia kwa uchungu.

Hajanyamaza, pikipiki ikasimama. Masalu, baba yake, alikuwa ametoka kwenye mifugo yake kijijini Michenga, amejaa furaha.

"Mama Nyamizi, mbona mlinificha? Mkwe ana adabu huyo! Hakuniinulia uso hata mara moja. Ng'ombe arobaini, weupe watupu. Nimeshawapokea."

"Baba, warudishe! Nakuomba, warudishe!"

Masalu akashangaa. "Niwarudishe vipi? Mahari ikishaingia zizini, wewe ni mke wa mtu. Tena mwenzio kanitangulia. Kasema anakusubiri chumbani."