Gango la Mguu Usiouma

"Boksi! Nani ana boksi gumu?"

Ilikuwa mchana, na soko limefurika. Mchukuzi wa mizigo alikuwa amelala chini, mguu umevunjika chini ya goti. Nesi wa ambulansi alipiga magoti kwenye maji machafu bila kuionea huruma suruali yake nyeupe. Watu walitoa ushauri mwingi. Boksi, hakuna aliyetoa.

Kijana mmoja mrefu, shati lake la kijani limejaa vumbi la mbao, akamwaga viatu vya muuzaji wa jirani, akalikunja boksi likawa kama mfereji, akaulaza ule mguu ndani yake taratibu.

"Viatu vyangu wewe!"

"Samahani mzee, nitakuokotea vyote."

Nesi alifunga kwa vitambaa, kisha akamtazama. "Nani kakufundisha kutengeneza gango?"

"Gango ndiyo nini?"

"Hilo hapo. Linaushika mfupa usicheze mpaka tufike hospitali."

"Basi leo ndiyo nimelijua jina lake."

Nesi akacheka. Ambulansi ilipoondoka, namba yake ya simu ilikuwa imeandikwa kwenye kiganja cha kijana.

Kijana huyo, karakanani kwake walimwita Vipimo, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akipime. Nesi, kazini kwake, waliomwona anavyotembea walimwita Kimbunga. Akitoka zamu alikuja karakanani na gauni lake la zambarau, akaketi juu ya benchi la useremala na kunyoosha mguu, huku Vipimo akimzungushia plastiki iliyokatwa kwenye madumu makuukuu na kulainishwa kwa moto, akijaribu kutengeneza gango la kudumu.

"Unaupima huu mguu au unautafutia bei?"

"Tulia, mrembo. Ukicheka unaniharibia."

"Wenzangu wanapelekwa mahotelini. Mimi naletwa kwenye vumbi."

"Linabana?"

"Hata. Limekaa kama soksi."

Dada yake Vipimo, aliyekuwa akishona mikanda ya kufungia, hakuinua kichwa. "Wifi, mfundishe na kushika mkono. Huyu anajua miguu tu."

Mkuu wa kituo cha ambulansi alikubali magango machache yajaribiwe. Yakifaa, kila gari litabeba. Tangu siku hiyo Vipimo hakutulia. Alipiga simu asubuhi, akapiga mchana.

"Vipi, limetumika?"

"Bado, mpenzi. Unataka nivunje mtu?"

Siku moja uvumilivu ukamwishia, akaenda kituoni mwenyewe. Kwenye pipa la taka, juu kabisa, aliliona gango lake limekatwa vipande viwili kwa mkasi.

"Kimbunga mwenyewe ndiye kalikata," dereva alisema, akiosha gari. "Na kamwambia mkuu yasitumike tena."

Vipimo aligeuka bila kuaga. Njia nzima simu ililia mfukoni, hakuigusa. Karakanani akashika randa, akaiweka. Akashika msumeno, akauweka. Simu ilipolia tena, dada yake akaipokea na kuiweka sauti ya juu.

"Yupo, wifi. Amenuna, hata kiti kinamwogopa."

"Ungeniambia mimi kwanza," Vipimo alisema.

"Nilikupigia kwanza. Ilikuwa inalia tu, labda ulikuwa njiani kuja kituoni. Ningekungoja, wangemfunga nalo mwingine."

"Lakini kwako lilikaa kama soksi! Ulisema mwenyewe!"

"Mpenzi, mimi sikuvunjika."

Vipimo akaisogelea simu.

"Yule mama tuliyemfunga nalo, mguu wake uliumuka kama unga wa mkate," Kimbunga aliendelea, sauti imeshuka. "Gango lako halina nafasi ya uvimbe. Vidole vyake vilikuwa vinapoa mkononi mwangu. Nimekata huku nalia, wewe."

"Na sasa?"

"Vina joto. Anavichezesha."

Vipimo alikaa chini polepole. Siku zote zile alikuwa amepima mguu anaoupenda, wala si mguu unaouma.

Alirudi kituoni akiwa amekonda kidogo, amebeba gango jipya, mpira wa baiskeli na pampu. Gango lilikuwa wazi mbele, vidole vinaonekana, na mikanda yake ilikuwa ya mpira unaovutika. Kimbunga akajilaza sakafuni. Vipimo akamzungushia ule mpira wa baiskeli mguuni kuwa ndio uvimbe, akafunga gango juu yake, akaanza kupampu.

"Ukiuma, sema."

"Pampu."

Mpira ulijaa. Mikanda ikavutika, gango likapanuka, lakini mguu haukupinda. Kimbunga aliinuka akaketi, akabonyeza kidole gumba cha mguu wake. Kikawa cheupe, kisha damu ikarudi.

"Hii ni gereji au ni harusi?" dereva aliuliza mlangoni.

"Ndilo nililokuja kuuliza," Vipimo alisema. "Kimbunga, nataka kukuoa. Usinijibu kwa huruma. Niambie ukweli, kama ulivyomwambia mkuu wako."

Kimbunga alifungua kinywa, na kengele ya dharura ikalia. Ajali, barabara kuu, mguu. Akalifungua gango, akatoa ule mpira, akakimbia na gango kwapani. Gari lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma alipotoa kichwa dirishani.

"Unanuna haraka, karakana yako chafu, na dada yako ananipenda kuliko wewe!"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ndiyo! Nakubali!"

King'ora kikapiga. Vipimo alitoka mpaka getini, akacheka peke yake kama mwehu. Kisha kicheko kikakatika. Akabaki ameikodolea macho barabara, akiuwaza mguu wa mtu asiyemjua.