Redio ya Bibi na Majibu ya Chiriku

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya jirani, bibi yake Chiriku alifungua redio na kuanza kubishana nayo. Redio yenyewe ilikuwa kuukuu, antena yake imekatika na mahali pake pamefungwa waya. Ilikaa dirishani, karibu na kiti cha bibi. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia, na kwake televisheni ilikuwa ukungu tu unaopiga kelele.

"Kodi ya simu imepanda tena," ilisema redio.

"Ipande hadi wapi? Tuanze kulipia na kupiga chafya?" alijibu bibi, vidole vyake vikichambua maharagwe.

Tangazo la biashara likasifu simu mpya isiyo na vitufe.

"Simu ya kupapasa kama mtoto mwenye homa! Mimi nataka pa kubonyeza."

Waziri akiahidi barabara, bibi alimwambia amalizie kwanza ile ya mwaka jana. Mpira ukitangazwa, alimfokea mwamuzi mpaka paka akakimbilia uvunguni. Chiriku alicheka hadi mbavu zikamuuma. Jina hilo alipewa na bibi huyohuyo, kwa kuwa alianza kusema mapema na hakunyamaza tena. Mama yake alipiga pasi katika duka la dobi na kurudi jioni, hivyo kutwa nzima nyumba ilikuwa ya bibi, redio, na Chiriku akitoka shule.

Lakini siku za karibuni Chiriku alianza kuionea haya redio ile. Rafiki yake Kipusa, aliyeishi nyumba ya pili, alikuwa na televisheni kubwa kama mlango. "Bado mnasikiliza redio?" Kipusa aliwahi kumuuliza. "Kama watu wa zamani!"

Siku moja, bibi alipokuwa amekwenda kliniki ya macho pamoja na mama, kijana mmoja alibisha hodi. Jasho lilimtiririka, na mkononi alishika kishikwambi. Chiriku na Kipusa walikuwa kizingitini wakifanya kazi ya shule.

"Natoka ofisi ya mawasiliano," alisema. "Serikali inataka kujua watu wanatumia vifaa gani kupata habari na burudani. Mkubwa yupo?"

"Hayupo, lakini niulize mimi. Ya nyumba hii yote nayajua," alisema Chiriku.

Kijana alisita. Akaitazama njia ndefu ya mlimani iliyomsubiri, kisha akaketi. "Haya. Hapa kuna mtu anayesikiliza redio?"

Chiriku alihisi macho ya Kipusa yakimchoma ubavuni. Kwa bahati, redio ilikuwa imezimwa na pazia limeifunika.

"Redio? Hakuna! Sisi ni intaneti tu," alisema. "Kila mtu na simu yake. Tunatazama filamu mpaka tunachoka."

Kijana alibonyeza, akashukuru, akaenda zake. Kipusa alimkodolea macho rafiki yake. Kwao Chiriku kulikuwa na simu moja tu, ya mama, na haikuwa na intaneti.

Wiki chache baadaye, bibi alikuwa kitini kwake kama kawaida pale redio iliposema: "Utafiti umeonyesha kwamba katika mitaa ya mlimani karibu hakuna tena wasikilizaji wa redio. Mtambo unaorusha matangazo huko utazimwa mwisho wa mwezi. Wenye maoni wafike ukumbi wa shule Jumamosi."

Chiriku alisubiri bibi ajibu. Bibi hakujibu. Vidole vyake vilitulia juu ya ungo.

"Nani aliyeulizwa?" alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Hapa hakufika mtu."

Chiriku angeweza kunyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini alipoona mkono wa bibi ukipapasa dirishani na kuishika redio ile kama mtu anayemshika mgonjwa, machozi yalimtoka.

"Bibi, alifika. Nikamwambia hapa hakuna anayesikiliza. Niliona haya mbele ya Kipusa."

"Uliionea haya redio, au mimi?"

Swali hilo lilimuumiza Chiriku kuliko kofi. Alijitupa mapajani mwa bibi akalia kwa kwikwi. Bibi alimpapasa kichwa muda mrefu.

"Nimeumia, mjukuu wangu. Lakini nimekusikia. Jumamosi twende, na ulimi uliolifunga jambo hili ndio utakaolifungua."

Ukumbini Chiriku alisimama. Kijana wa kishikwambi alikaa mbele pamoja na mkuu wake, mama mmoja mwenye miwani.

"Nilisema uongo," Chiriku alianza. "Bibi yangu anasikiliza redio tangu asubuhi. Daktari wa redioni ndiye aliyemshauri apimwe macho. Simu ya intaneti hatuna. Mkizima mtambo, mtamwacha peke yake."

Kisha kinyozi wa mtaani akainuka, akijikuna kisogo.

"Na mimi jamani! Nilisema natazama taarifa ya habari tu. Kweli ni kwamba natazama mieleka, na dukani nafungulia wateja redio."

Watu waliangua kicheko. Muuza mboga naye akakiri, kisha fundi viatu. Kumbe wengi walikuwa wametaja vitu ambavyo wangependa waonekane wanavyo.

Kijana alisimama, ameinamisha uso. "Nami nilikosa. Ilinipasa nirudi siku mkubwa yupo."

Mama mwenye miwani aliagiza utafiti urudiwe, nyumba kwa nyumba. Safari hii bibi alijibu mwenyewe, na alikuwa na maoni mengi hata kijana akaomba maji ya kunywa mara mbili. Matokeo yalipotangazwa, mtambo uliachwa uendelee.

Jioni hiyo Kipusa alikuja kusikiliza mpira, akakaa sakafuni karibu na Chiriku. Bibi alipunguza sauti ya redio kwanza.

"Sikieni, wajukuu zangu," alisema. "Serikali haituoni humu ndani. Inatujua kwa tunayoyasema. Ukisema uongo ili uonekane mkubwa, watapanga mambo ya mtu asiyekuwepo, na wewe uliyepo utasahauliwa. Semeni kweli hata kama ni ndogo. Haya ndiyo maisha yetu, na hayana aibu."

"Ndiyo, bibi," alisema Chiriku, akaegemea goti lake.

"Kipusa, nawe unaonaje?"

Kipusa alifikiri kidogo. "Naona mpira umeanza, bibi."

Bibi alicheka, akaongeza sauti.