Koti la Kike la Kwenda Norwe

"We Chausiku, una malaria? Joto lote hili la Mbagala umevaa koti la manyoya?"

Salma, muuza viatu wa kibanda cha pili, alicheka mpaka akashika mbavu. Chausiku wala hakujali. Alijigeuza mbele ya kioo, jasho likimchuruzika.

"Shoga, huko Norwe mwezi wa kwanza jua halichomozi. Suhaib anakwenda kupiga picha za ile mianga ya kijani angani. Unataka nivae kanga?"

Miezi minne alikuwa akifungua mabelo ya mitumba, akitafuta makoti mawili mazito, lake na la Suhaib. La Suhaib alilishonea mfuko wa ndani, maana betri za kamera zikipigwa na baridi zinakufa, lazima zikae karibu na mwili. Na Suhaib, mpiga picha za harusi za watu, alishaahidi: kabla ya safari, wazee wake wataleta posa. Siku yenyewe ndiyo hiyo, Ijumaa, baada ya Alasiri.

Meseji ikaingia. Ilitoka kwa Nusaiba, binamu yake Suhaib, aliyekuwa akishughulikia fomu za viza.

"Dada Chausiku, Suhaib kasema makoti tayari. Langu naomba ulifupishe mikono, mie mfupi. Allah akulipe kheri."

Langu? Chausiku aliisoma mara tatu, kisha akapiga simu.

"Suhaib, kumbe na Nusaiba anakwenda?"

Suhaib akakohoa.

"Suhaib!"

"Chau, nilitaka nikwambie nikija."

"Niambie sasa hivi. Tunakwenda watatu?"

"Wawili. Mie na yeye. Viza tumeomba kama mke na mume."

"Mke na mume wa kuigiza?"

"Tulifunga ndoa Jumapili."

"Binamu yako!"

"Kwetu binamu wanaoana, unajua. Baba na ami walishakubaliana zamani. Ningefanyaje?"

"Ungesema! Na wazee wako wanaokuja leo?"

"Wazee hawajui kama nilikuahidi."

"Kwa hiyo mdomo wa kuniagiza koti la kike unao, wa kuniambia unaoa huna?"

"Niliagiza koti la kike, Chau. Sikusema lako."

Jamani! Mwanaume mzima anatoa maneno kama hayo, na pumzi anavuta! Chausiku alikata simu, akakaa juu ya belo, akalia kwa sauti mbele ya wateja. Salma alikuja mbio, akamvua lile koti taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili.

Aliandika matusi ya kumtumia Nusaiba, akayafuta. Yule binti hakujua lolote, na dua alikuwa amemwombea.

Simu ikaita. Mama yake.

"Chau mwanangu, mjomba wako kashafika, kanzu kaipiga pasi mwenyewe. Pilau iko jikoni. Wageni wanakuja wangapi, nijue sahani?"

"Mama..."

"Au wamekwama kwenye foleni?"

"Hawaji, mama."

"Basi kesho?"

"Hawaji kabisa. Suhaib kaoa."

Chausiku akamsikia mama akisema kwa sauti ya chini, mbali kidogo na simu:

"Kaka, vua kanzu."